Usikariri orodha ya maana za "run", kariri sentensi

Usikinunue kijitabu hicho, mdogo wangu, na kama umekwisha kukilipia, dai fedha zako leo. Umeandika kwamba unasubiri usaili wa ukarani katika kiwanda cha minofu hapa Mwanza, kwamba mwalimu wa masomo ya jioni anakuuzia kijitabu chenye orodha ya maana zaidi ya mia moja za kitenzi cha Kiingereza "run", na ukauliza utumie mbinu gani kuzikariri zote. Orodha ya namna hiyo naijua. Niliikariri yote, na ndiyo iliyonitoa katika kazi yangu ya kwanza.

Daftari tulilouziwa sisi lilikuwa na safu mbili. Kushoto neno "run" lilirudiwa kutoka juu hadi chini, na kulia zilipangwa maana zake: kukimbia, kuendesha, kusimamia, kutiririka, kugombea uongozi, kupeleka mtu au mzigo kwa gari. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Mwenye duka anaweza "run a business". Mwanasiasa wa Marekani "runs for president", ilhali wenzao wa Uingereza wamezoea kusema "stand". Maji "run" kutoka bombani. Na jirani mwenye gari akikwambia "I'll run you to the airport", anakuahidi kukupeleka uwanja wa ndege. Tatizo ni kwamba kila maana ilikuwa imetengwa na maneno yanayoizaa, ikawa ni juu ya msomaji kuchagua ile inayofaa.

Nilikuwa karani wa kupokea sangara katika mwalo mmoja wa Ukerewe. Asubuhi moja ujumbe uliingia kutoka kiwandani: "We are running low on ice for this afternoon." Nilifanya kama nilivyofundishwa. "Run" ni kupeleka kwa chombo, "low" ni chini, "ice" ni barafu. Basi mchana wanateremsha barafu kuja kwetu. Nikawaambia wavuvi waendelee kuleta, na mitumbwi ikaleta. Tuliwapanga samaki ndani ya makasha, barafu ya jana tukaitandaza juu yao nyembamba nyembamba, kwa kuwa nyingine ilikuwa njiani. Kumbe ujumbe ulisema kinyume chake: barafu ya mchana ule ilikuwa inakaribia kuwaishia, na sisi tulitakiwa kupunguza manunuzi.

Asiyefanya kazi ya sangara hajui saa chache za jua hufanya nini. Unainua kifuniko cha shavu, na matamvua yaliyokuwa mekundu yameanza kugeuka hudhurungi. Jicho lililokuwa angavu limefifia na kudidimia. Ukibonyeza mnofu kwa kidole, shimo linabaki pale pale. Kiwanda kinachouza minofu Ulaya hakimpokei samaki wa namna hiyo, wala hakipaswi kumpokea. Mzigo ule uliuzwa kwa wakaangaji na wakaushaji kwa bei waliyoitaka wao, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara vinavyouzwa peke yake, yakaokoa kidogo, sehemu ya hasara ikakatwa katika mshahara wangu, na baada ya hapo mkataba haukuongezwa.

Sasa tazama jinsi maneno machache yangaliniokoa. "Run low on" ni kitu kupungua hadi kukaribia kwisha. "Run short of" ni kutokuwa nacho cha kutosha. "Run out of" ni kuishiwa kabisa. Mtu ndiye anayetangulia katika sentensi hizo: "We have run out of ice." Barafu yenyewe ikitangulia, "of" inaondoka: "The ice has run out." Ndani ya hayo hakuna anayekimbia, hakuna anayeendesha wala anayepeleka chochote. Maana haimo katika "run" peke yake. Imo katika kitenzi pamoja na kile kidogo kinachokifuata, na ukivitenganisha umeipoteza.

Ninamlaumu mwalimu aliyetuuzia daftari lile hadi leo. Alitutoza kwa kila ukurasa, kwa hiyo kadiri maana zilivyoongezeka ndivyo alivyovuna, na alituambia kwamba atakayezimaliza hatashindwa na Mwingereza yeyote. Waingereza wenyewe hawajazimaliza. Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set". Baadaye "run" kilipopitiwa upya, mhariri Peter Gilliver alikishughulikia kwa takriban miezi 9 na hesabu ikafika maana 645. Hiyo ni kazi ya mtunzi wa kamusi. Kumwuzia kijana anayetafuta ajira kipande cha orodha kama hiyo, bila sentensi hata moja ya mfano, ni dhuluma.

Wewe mwenyewe una ushahidi kinywani. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, na hakuna mzazi aliyemkalisha mtoto wake Igoma au Buzuruga akamsomesha orodha ya maana za "piga". Mtoto aliyasikia maneno mawili pamoja, kwa mtu anayefanya kitendo hicho, akayachukua pamoja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usiandike kitenzi cha Kiingereza peke yake katika daftari lako. Andika sentensi nzima ambayo mtu wa kiwandani anaweza kuisema, na kando yake andika unachopaswa kufanya ukiisikia. "The truck is running late": lori limechelewa, wajulishe wapokeaji. "Run the water until it is clear": fungulia maji mpaka yatoke safi. "Run this by the manager first": mweleze meneja kwanza, usiamue peke yako. "We ran into a problem": tumekumbana na tatizo, uliza ni lipi. Hilo la mwisho liangalie sana, kwa sababu "run into" kwa mtu ni kukutana naye bila kutarajia, kwa ukuta ni kuugonga, na "run over" kwa mtu barabarani ni kumkanyaga kwa gari, ilhali kikao kiki-"run over" kimepitiliza muda wake.

Zikushinde mia, zikutoshe kumi zinazotoka katika kazi unayoiomba. Nenda Kirumba ukazungumze na makarani waliopo, uwaombe wakuonyeshe ujumbe wanaoupokea kwenye simu zao, unakili sentensi zake zilivyo, zikiwa na "on", "of" na "out" zake zote. Ukiwa katika usaili ukasikia "run" usiyoielewa, uliza: "Do you mean it is finished, or that it is coming?" Msaili hatakupunguzia alama kwa kuuliza hivyo, karani anayehakikisha kabla ya kupokea mzigo ndiye wanayemtafuta.