Maswali yenu: treni za umeme, njia ya Bububu na goti la mama

Wiki iliyopita niliandika juu ya treni mpya za abiria za Afrika Kusini, zile za buluu aina ya X'Trapolis Mega, na simu yangu haijatulia tangu hapo. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Uliziita "familia". Treni nazo zina ukoo? (Fuoni)

Zinao, tena wenye watoto wasiofanana. Alstom, kampuni ya Ufaransa inayounda X'Trapolis, ina usanifu mmoja wa msingi, kisha kila mji unashonewa kwa kipimo chake kama kanzu. Melbourne wanazo X'Trapolis tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000; reli yao ina upana wa milimita 1,600 na waya wa umeme ulio juu ya reli una volti 1,500. Afrika Kusini reli ni milimita 1,067 na volti 3,000. Dublin wameagiza za aina mbili: zinazotegemea waya peke yake, na nyengine zenye betri za kuwafikisha Drogheda, ambako waya haujafika.

Kinachowaunganisha ndugu hawa ni mota kugawanywa chini ya mabehewa, badala ya kichwa kimoja kuvuta msafara mzima. Chumba cha dereva kiko kila ncha, kwa hiyo mwisho wa safari hakuna kugeuza kitu. Dereva anatembea tu hadi upande wa pili. Afrika Kusini waliagiza treni 600, kila moja mabehewa sita. Ishirini za mwanzo zilijengwa Brazil, zilizobaki wakaanza kuziunda wenyewe Dunnottar, nje ya Johannesburg. Mimi treni siwahusudu, nawahusudu kiwanda.

Mbona za Afrika Kusini mwendo wao kilomita 120 tu kwa saa na treni ya umeme ya Bara inakwenda 160? (Kiembesamaki)

Kwa sababu zinasimama kila mara. Kituo hadi kituo ni kilomita moja, mbili. Hujafika mia umeshaanza kufunga breki. Muda wa treni ya mjini unaokolewa mlangoni na katika kuondoka. Panda daladala ya 505 uone: aliyekaa nyuma kabisa akigonga kushuka, nusu ya abiria wanateremka kumpisha, halafu wanapanda tena. Treni yenye milango mipana kila behewa inashusha mamia ya watu pale pale. Nikisikia mtu anasifu kasi ya treni ya mjini, huuliza ina milango mingapi.

Na umeme ukikatika? (Jang'ombe)

Ya waya inasimama. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu gizani, hawahitaji maelezo. Wenye treni hujihami kwa kuweka vituo vingi vya kupozea umeme kando ya njia. Kimoja kikianguka, cha jirani kinabeba. Betri ndogo ndani ya behewa huweka taa na redio ya dereva. Halafu treni ikifunga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye waya, ukatumiwa na treni nyengine iliyo karibu. Huo unapunguza bili, hauokoi mji uliozimika.

Sisi tunategemea nyaya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ule wa megawati 100 uliwashwa 2013. Treni moja ya aina hii ikiondoka kituoni huvuta megawati mbili tatu kwa mkupuo. Kabla ya kuulizana rangi ya mabehewa, tuulizane hilo.

Babu anasema Bububu kulikuwa na treni. Kweli? (Bububu)

Kweli kabisa, ingawa na yeye nadhani kasimuliwa. Kabla ya treni hiyo, Sayyid Barghash alikuwa na reli yake ndogo ya kwenda kasri ya Chukwani. Mwaka 1905 kampuni ya Wamarekani ikaanza kuendesha treni ya moshi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kiasi cha kilomita 11, ikipenya vichochoro vya mji. Barabara za motokaa ziliimaliza kabla ya 1930.

Njia hiyo ndiyo hiyo tunayosukumana leo asubuhi. Rai yangu: itengwe ardhi sasa, kabla haijajengwa yote, na yaanze mabasi yenye njia yao peke yao. Treni ya watu elfu moja inataka watu elfu moja wengine wawe wamesimama kituoni dakika chache baadaye. Hatujafika huko, lakini nyumba zinajengwa haraka kuliko tunavyohesabu.

Pemba je? (Wete)

Hapana. Mabasi mazuri na boti ya uhakika kwanza.

Nampeleka mama Dodoma, goti linamuuma. Mchongoko ndiyo hizo ulizoandika? (Kwahani)

Siyo, dada yangu. Mchongoko ni treni ya SGR, ile reli mpya ya Bara; imetengenezwa Korea Kusini na Hyundai Rotem, inatumia volti 25,000. Mota zake nazo ziko chini ya mabehewa, ila ni ya safari ndefu. Wala usiichanganye na treni ya Mwakyembe, ya mjini Dar tangu 2012. Ile ni ya dizeli.

Kutoka gati ya boti hadi stesheni ya SGR si mbali, lakini kwa goti hilo chukueni bajaji, na ndani ulizia lifti. Tiketi ikate mapema, beba kitambulisho cha mama. Na usiunganishe boti na treni kwa kubana saa: vukeni asubuhi, mpande treni ya mchana, maana kipindi cha Kusi boti huchelewa.