Maswali yenu ya kontrola za MIDI: Uno tena, nobu zinazotetemeka, na anayetaka nobu 64

Maswali ya kujitengenezea kontrola za MIDI, yaani visanduku vya nobu (vifundo vya kuzungusha) na vitufe vinavyotuma amri za mziki kwenye kompyuta kwa lugha ya MIDI, ni mengi kuliko nafasi, nimechukua yale ambayo yakijibiwa vizuri yanasaidia wengi. Naanza na lile linalorudi kila wiki maana limenichosha.

Mkuu, nimetengeneza kontrola ya nobu sita kwa Arduino Uno (bodi ndogo unayoiandikia programu). Laibrari ya MIDIUSB (programu ya kunakili inayoifanya bodi ionekane kifaa cha MIDI kwenye USB) inaleta erro tu nikijaribu kupakia programu, na kompyuta haioni kifaa chochote cha MIDI. Nimekosea wapi?

Kwenye bodi. Waya zako inawezekana ziko sawa kabisa, ila chipu ya Uno R3 ambayo ni ATmega328P haina USB ndani yake. Ile tundu ya USB unayoiona inahudumiwa na chipu nyingine ndogo pembeni, ATmega16U2, na kazi yake ni kupitisha mawasiliano ya siriali tu (data inayopita biti moja baada ya nyingine), kwa hiyo kompyuta inaona poti ya siriali na hakuna laibrari itakayobadilisha hilo.

Ukitaka kuendelea nayo kwa majaribio, kuna programu inaitwa Hairless MIDI, inachukua siriali na kuipeleka kwenye poti ya MIDI ya bandia ndani ya kompyuta (kuipata poti hiyo, Windows utahitaji loopMIDI, Mac tayari wana IAC). Inafanya kazi, mimi mwenyewe nimejifunzia hapo. Lakini kila ukikaa kutengeneza mziki ufungue kwanza vitu viwili ndo ufungue DAW (programu ya kutengenezea mziki), na siku moja utasahau, na mara nyingi siku hiyo ni siku ya shoo.

Suluhisho la kudumu ni bodi yenye USB yake yenyewe: Leonardo au Pro Micro (zote ATmega32U4), Teensy, au Raspberry Pi Pico. Uno R4 nayo ni chipu nyingine kabisa, usichanganye na hii ya kwako. Mnaokimbilia Pico muwe makini na mambo mawili, pini zake zinataka volti 3.3 na ukizipa 5 unaziua, afu pini zake za analogi (zinazosoma nobu) za kutumia ni tatu tu, wakati Leonardo inazo 12.

Ndo maana kila siku nasema soma jina la chipu kabla ya jina la bodi. Watu wanachukua programu ya mtu, hawasomi hata mistari mitatu ya juu ambapo mwenyewe kaandika imetengenezwa kwa bodi gani, ikigoma wanakuja kuuliza. Soma hiyo mistari. Na kabla hujalaumu bodi yoyote badilisha kebo ya USB, maana kebo nyingi zilizozagaa ndani ni za kuchajia tu, hazina waya za data.

Potenshiomita zangu, hizi rezista za kuzungusha zilizo chini ya nobu, zimeandikwa A10K, zinafaa?

Tumia B10K. B kwa kawaida ni linia (inapanda sawasawa), A ni logi (inapanda polepole kisha haraka), na ukiwa na A nobu itakaa kimya nusu ya safari halafu ghafla inaruka.

Nobu zangu zinatetemeka. Sijagusa kitu lakini kwenye DAW naona thamani inacheza 63, 64, 63, 64 bila kupumzika. Nimebadilisha potenshiomita mbili bado.

Acha kubadilisha potenshiomita, hazina kosa. Hili ndo swali nililolifurahia kuliko yote kwa sababu hapa ndipo kontrola nzuri na mbaya zinapoachana, na wengi wanalipita juu juu.

Bodi yako inasoma analogi kwa biti 10, yaani 0 hadi 1023, wakati MIDI ya kawaida ina biti 7, 0 hadi 127. Kwa hiyo unagawa kwa 8. Sasa nobu ikisimama mpakani, tuseme usomaji uko 511 na 512, kelele kidogo tu ya umeme inaisogeza huku na huku na wewe unatuma 63 na 64 mpaka kesho. Na ukiwa unarekodi otomesheni (mizunguko ya nobu inayohifadhiwa kwenye wimbo) hiyo takataka yote inaingia kwenye mradi wako.

Dawa yake ni kuacha kulinganisha thamani ya MIDI. Linganisha ule usomaji mbichi na usomaji wa mara ya mwisho ulipotuma, na usitume tena hadi tofauti ipite kiasi fulani, tuseme 8. Hapo mtetemo unakufa. Lakini kuna mtego hapa ambao programu nyingi za kunakili zinao: ukitumia 8 hivihivi, kuna siku utatuma ukiwa 1015, ambayo ni 126, afu ukisukuma nobu mpaka mwisho unafika 1023, tofauti ni 8 kamili, haijapita, basi haitumi, na sauti yako haifiki 127 kamwe. Kule chini nako hivyohivyo, unafunga nobu kabisa na bado sauti inasikika kwa mbali. Kwa hiyo ncha zote mbili zipe ruhusa maalumu, usomaji ukiwa chini ya 4 tuma 0, ukiwa juu ya 1019 tuma 127, mara moja tu, bila kuuliza tofauti.

Upande wa waya: weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya katikati ya potenshiomita na graundi, karibu na bodi. Kwenye potenshiomita usiende juu ya kiloomu 10, chipu hizi za ATmega zimetengenezwa kusoma chanzo cha hadi hapo, ukiweka 100K usomaji unakuwa mvivu na unachafuliwa na jirani. Kama unatumia multipleksa (chipu ya kusoma nobu nyingi kwa pini moja), iwe 4051 ya njia 8 au 4067 ya njia 16, ukishabadilisha njia soma mara mbili na ule wa kwanza utupe, kwa sababu bado umebeba chaji ya nobu iliyopita. Njia ambazo hujazitumia zifunge graundi. Pini iliyoachwa hewani inasoma chochote, hata ukipitisha mkono juu yake inabadilika, na kuna watu wameniletea orodha ndefu ya makosa ya programu kumbe ni pini mbili tu zinaelea.

Nataka kujenga kontrola ya nobu 64 na vitufe 32, nianze na bodi gani?

Usianze na bodi. Chukua karatasi, kaa na mziki wako wiki nzima, kila unapokamata mausi andika ulikuwa unagusa nini. Mwisho wa wiki hesabu. Mimi kontrola yangu ya kwanza kubwa ilikuwa na nobu 40, nilitoboa boksi siku mbili, nikaunga waya karibu mwezi, na nilipoanza kuitumia kweli nikajikuta nagusa nane. Zile 32 zilikuwa zinanizuia kuziona hizo nane gizani. Iliniuma, maana muda ule ningetengeneza nyimbo.

Hiki kitu ni ala ya mziki jamani, mkono unatakiwa ukijue bila macho. Nobu nane, vitufe vinne, nafasi ya kidole kati ya moja na nyingine, kofia za nobu ziwe tofauti kwa kazi tofauti. Imalize hiyo, itumie miezi kadhaa, utajua mwenyewe kama unahitaji ya pili. Na ukiona unahitaji vitufe vingi kweli, 16 unavipanga safu nne kwa nne kwa pini nane tu, ila kila kitufe kipate dayodi yake ya 1N4148 (inapitisha umeme upande mmoja tu). Bila dayodi ukibonyeza vitatu vilivyokaa kona za mstatili, cha nne kinajibonyeza chenyewe.

Nimezipa nobu zangu nane namba za CC (zinazoitambulisha kila nobu kwenye ujumbe wa MIDI) 120 hadi 127 ili zisigongane na kitu. Nikigusa ya nne sauti zote zinakatika. Kwa nini?

Kwa sababu ya nne ni 123, na 123 maana yake ni zima noti zote. Namba 120 hadi 127 zimetengwa kwa amri za namna hiyo, usiziguse. Tumia 20 hadi 31 au 102 hadi 119, hazina mwenyewe. Epuka pia 64 ambayo ni pedali ya kushikilia noti, na 0 na 32 ambazo ni za kubadilisha benki ya sauti.

Kitufe kimoja kinapiga noti mbili tatu kwa mbonyezo mmoja, na mara nyingine noti inabaki inalia haizimi.

Ni magonjwa mawili hayo. La kwanza, vyuma vya ndani ya kitufe vinadundana milisekunde chache kabla ya kutulia na bodi inaona kila mdundo. Kitufe kikibadilika hali, kipuuze kwa milisekunde 5 hadi 10 zinazofuata, lakini kwa kuangalia saa ya bodi (millis). Usitumie delay! Delay inasimamisha kila kitu, nobu zako zote zinakuwa kipofu kwa muda huo.

La pili, unatuma noti ya kuwasha bila ya kuzima. Kila kitufe kikiachiwa tuma kuzima, au tuma noti ileile ikiwa na velositi (nguvu ya mbonyezo) 0, ni kitu kimoja. Na tuma pale tu hali inapobadilika, wengine mnatuma kila mzunguko wa programu, maelfu ya ujumbe kwa sekunde, afu mnasema DAW inaganda.

Nikibadilisha traki, nobu iko juu lakini DAW iko chini. Nikigusa kidogo tu sauti inaruka.

Potenshiomita haijui kilichotokea kwenye skrini. Una njia mbili. Ya bure ni kwenye mipangilio: Ableton Live inayo Takeover Mode, ukiweka Pickup nobu haifanyi kitu hadi ifike pale thamani ilipo. DAW nyingine nyingi zina kitu kama hicho, tafuta kabla ya kulalamika. Ya pili ni enkoda, inayozunguka bila mwisho na kutuma mwelekeo tu, mfano 1 kwa kwenda mbele na 127 kwa kurudi nyuma. Ila hakikisha DAW nayo umeiambia hiyo ni relativu (inatuma mwelekeo, si mahali ilipo) na ya aina hiyohiyo, maana kuna aina nyingine inayotumia 65 na 63, na mkitofautiana nobu inaenda wazimu.

Kwa filta na efekti mimi napenda enkoda. Kwa sauti za mchanganyiko hapana, pale nataka slaida niione iko wapi.

Niweke Bluetooth?

Nyumbani ukipenda. Jukwaani weka kebo.

Nimeweka taa 16 za WS2812 (LED za rangi zinazoongozwa na programu) chini ya vitufe. Zikiwa nyeupe zote kontrola inajizima na kuwaka upya.

Kila moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula hadi miliampea 60, mara 16 ni 960, na tundu la USB 2.0 ahadi yake ni 500. Punguza mwanga kwenye programu hadi robo, gizani inatosha na hata macho yatakushukuru, au zipe umeme wao wa pembeni wa volti 5 huku graundi ikiwa moja na ya bodi. Na wale wa LED za kawaida moja kwa moja kwenye pini bila rezista, mnaichosha pini, weka hata ya omu 220.

Nataka pia tundu la DIN la pini tano (lile tundu la MIDI la zamani) ili niendeshe sinthi ya zamani. Ni ngumu?

Kutoa ni rahisi. Bodi ya volti 5: rezista ya omu 220 kutoka volti 5 hadi pini 4, nyingine ya 220 kutoka TX (pini ya bodi ya kutuma siriali) hadi pini 5, pini 2 graundi. Bodi ya volti 3.3 ni omu 33 kwenye pini 4 na omu 10 kwenye pini 5, usinakili mchoro wa 5 kwenye Pico ukategemea bahati. Siriali iwe biti 31,250 kwa sekunde, hiyo ndo kasi tangu MIDI inatoka mwaka 1983, kwa hiyo ujumbe wa baiti tatu unachukua karibu milisekunde moja. Ukimwaga takataka za nobu inayotetemeka humo noti zako zinachelewa foleni, sasa rudi juu usome lile jibu la mtetemo.

Kupokea ni kazi zaidi, lazima optokapla (inapitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme) kama 6N138 au H11L1, na pini 2 ya upande wa kupokea usiiunge na graundi ya bodi yako, ukiiunga unaleta muungurumo kwenye spika ambao utautafuta wiki nzima.