Ndege Anayegeuza Shingo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: msanii anapochota kwa msanii mwenzake, anajifunza au anaiba? Mimi ni mchoraji wa Tingatinga hapa Dar es Salaam, na swali lenu naulizwa na wateja karibu kila siku, ila wao husema, "Mbona picha zote zinafanana?"

Zinafanana kwa sababu zina babu mmoja. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968, akawa anauza picha zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alichorea kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ile ile ya kupaka baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Kama angechora peke yake, amejifungia, mtindo ule ungezikwa naye. Lakini alikuwa amewakalisha pembeni yake ndugu na jamaa wa kusini, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Hao ndio waliobaki na brashi.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo, kwa kukaa pembeni ya mzee. Miezi mitatu nilinakili ndege mmoja. Rangi ya mafuta ina kiburi: ukiizidisha inatiririka, ukiizimua mno kwa tapentaini, rangi ya chini inachungulia. Siku moja mzee alichukua brashi yangu, akaing'oa nywele mpaka zikabaki chache, akalaza ubao mapajani na kuanza kudonoa madoa shingoni mwa ndege: makubwa kifuani, yakipungua kidogo kidogo kuelekea kichwani. Shingo iliyokuwa bapa ikawa ya mviringo machoni pangu. "Haya, fuata," akasema. Picha za namna ile nilikuwa nimeziona mamia, wala sikuwahi kutambua kwamba madoa ndiyo yanayoiviringisha shingo. Nilikuja kulijua kwa kunakili.

Baadaye nilichora ndege anayegeuza shingo kutazama nyuma, kama kuku wetu wa nyumbani anaposikia kifaranga kimebaki. Mzee aliitazama kitambo kirefu. "Huyu sasa wako." Wiki iliyofuata nikakuta kwenye ubao wake ndege wawili wamegeuza shingo. Sikusema kitu, ila furaha ile ninayo mpaka leo.

Tena mtu huchota hata nje ya fani yake. George Lilanga alikuwa Mmakonde, mchongaji. Alipokuwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam, aliwatoa mashetani, wale viumbe wa ajabu wa vinyago vya Kimakonde, kwenye mpingo, akawaleta kwenye ubao na rangi ya mafuta. Mashetani hao wa mpingo nao walikuwa na historia yao. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa alianza kuwachonga miaka ya 1950. Je, Lilanga aliiba? Kinyago unakizunguka, unakiona mgongo na ubavu. Ubao hauna mgongo. Ilimlazimu afikiri upya: akawasonganisha, masikio makubwa, midomo wazi, rangi kali kila upenyo. Leo wapo wachoraji wa Tingatinga wanaochora mashetani kwa kumfuata yeye, nami nawaheshimu, maana ukiwauliza wanamtaja.

Kumtaja, hapo ndipo ninapoweka mpaka. Mfanyabiashara mmoja aliniletea picha ya mwenzetu aliyekwisha kufariki, akataka nimchoree kumi kama ile, na chini niandike jina la marehemu kwa mwandiko wake, kwa kuwa ndilo linalouza. Pesa aliyotaja ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Nikamwambia picha nitachora, tena kwa moyo wote, maana marehemu yule nilimpenda na mistari yake naijua. Lakini chini litakaa jina langu. Akaikunja karatasi aliyofungia picha, akaiweka kwapani, akaenda kibanda cha pili.