Kliniki Haiwezi Kujua Usichoiambia: Usalama Wako Wakati wa Kupandikiza Mimba

Siku ya tatu baada ya kutolewa mayai ili yatungishwe maabara na kupandikizwa mimba, kanga niliyokuwa nikijifunga kila asubuhi haikutosha tena kupiga fundo. Nilipompigia simu muuguzi wa kliniki alinijibu kwa upole, "Ni kawaida hiyo, dada, mayai yako yalikuwa mengi, kunywa maji upumzike." Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nimechomwa sindano siku kumi na moja mfululizo, na kila jambo geni lililonitokea mwilini nilikuwa nimeambiwa ni kawaida.

Kilichoniokoa ni daftari. Nilikuwa nimezoea kupanda mizani kabla ya chai na kuandika uzito wangu, na mume wangu alipolifungua aliona kilo 61.2, 62.0, 63.3 na 64.9 zimefuatana katika asubuhi nne. Hakuniuliza chochote, alichukua funguo za gari. Hospitali walikuta ovari zimevimba, tumbo limejaa maji na damu imekuwa nzito, nikalazwa siku sita.

Nilichojifunza kitandani ndicho ningependa kila mwanamke akijue kabla ya sindano ya kwanza. Dawa za kuchochea mayai zinaweza kuziamsha ovari kupita kiasi, na sindano ya mwisho ya kupevusha mayai, hasa ile yenye homoni ya hCG, huifanya mishipa midogo ya damu ivujishe maji yanayokusanyika tumboni na wakati mwingine kifuani, huku damu iliyobaki ikizidi kuwa nzito na kuweza kuganda. Walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye umri mdogo, wenye ovari za vifuko vingi, na wale ambao ultrasaundi inaonyesha mayai mengi yanakua kwa pamoja. Muulize daktari wako mapema kama upo katika kundi hilo, na kama upo, kama anaweza kutumia mpango wa dawa unaomruhusu kupevusha mayai kwa sindano nyingine isiyo ya hCG, kisha kugandisha viinitete vyote (mayai yaliyokwisha kutungishwa) na kusubiri mwili utulie kabla ya kupandikiza.

Nyumbani, pima uzito kila asubuhi, pima na mzunguko wa tumbo kwenye kitovu kwa futi ya fundi cherehani, na uandike umekojoa mara ngapi. Uzito ukipanda zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo ukiwa mchache na mweusi, ukitapika bila kukata, ukikosa pumzi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama simu yako haijapokelewa.

Jambo lililonisumbua zaidi nililigundua baadaye, nilipoomba kuliona faili langu kliniki. Chini ya tarehe ya kutolewa mayai palikuwa na mstari mmoja: "Mayai 24, hali nzuri." Simu yangu haikuandikwa popote, na kwa kuwa nilitibiwa katika hospitali nyingine, kliniki iliyonichoma sindano haikuwa na habari yoyote ya yaliyonikuta. Kituo kinaweza kuamini kwa dhati kwamba wagonjwa wake hawapati madhara, ilhali madhara hayo yanatibiwa mtaa wa pili. Sisi wenyewe tunachangia, kwa maana wengi tunayaficha matibabu haya kwa mama mkwe na majirani, na kwa kuyaficha matibabu tunaficha na madhara yake.

Kwingine kuna utaratibu wa kuyatoa wazi: Uingereza ilitunga sheria ya matibabu haya mwaka 1990, na HFEA, mamlaka inayoyasimamia iliyoanza kazi mwaka 1991, huvitaka vituo vitoe taarifa za matukio, yakiwemo madhara makali kama yangu, kisha huyapanga kwa uzito wake ili vituo vingine vijifunze. Mkanganyiko wa mbegu za kiume uliogundulika katika mji wa Leeds, hukohuko Uingereza, mwaka 2002, baada ya kuzaliwa mapacha, ulitilia mkazo kanuni ya watu wawili kuhakiki majina katika kila hatua. Cleveland, Marekani, mwezi Machi 2018, zaidi ya mayai na viinitete 4,000 viliharibika baada ya joto kupanda ndani ya tangi la naitrojeni la kuvihifadhi vikiwa vimeganda, ambalo king'ora chake cha mbali kilikuwa kimezimwa. Kwa hiyo, ukigandisha viinitete, uliza king'ora kikilia usiku wa manane ni nani anayepigiwa simu.

Hapa Tanzania, barua ya kwanza mpelekee daktari mkuu wa kliniki, ukiambatanisha nakala ya muhtasari wa kuruhusiwa hospitali, na utaje tarehe, saa na maneno uliyoambiwa. Madhara ya dawa yanapokelewa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika.

Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja na haikumtaja muuguzi kwa jina. Daktari aliisoma mbele yangu, akamwita muuguzi, akamuuliza ni karatasi gani anayoifuata mgonjwa anapopiga simu akiwa na tumbo lililojaa. Haikuwepo. Niliporudi miezi mitatu baadaye kupandikizwa kiinitete kilichogandishwa, niliikuta imebandikwa ukutani juu ya simu, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Leo asubuhi ulikuwa na kilo ngapi?"