Ushirika au ushirikiano: lipi liandikwe katika katiba ya kikundi?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki wilayani Sikonge. Katika rasimu ya katiba yetu tumeandika kwamba kikundi "kitadumisha ushirika na halmashauri ya wilaya", na mbele kidogo kwamba kinakusudia "kuwa chama cha ushirikiano". Mwenzangu mmoja anasema maneno hayo ni yale yale. Mwingine anadai tumeyaweka pasipo pake. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu Katibu, mwenzako wa pili ndiye aliyeona vizuri. Mmeyapishanisha: palipotakiwa ushirikiano mmeweka ushirika, na palipotakiwa ushirika mmeweka ushirikiano.

Yote mawili yametokana na kitenzi shiriki, chenye asili ya Kiarabu. Ushirikiano, hata hivyo, umepitia kwanza katika shirikiana, na kiambishi -an- kilichomo humo ni kile kile cha pigana na saidiana: kinadai pande mbili, huyu akimtendea yule na yule akimtendea huyu, huku kila upande ukibaki na chake. Ushirika haukupita njia hiyo. Wenyewe unataja hali ya kuwa na fungu katika kitu kimoja, na kutokana na hali hiyo ukaja kutaja chombo chenyewe ambacho watu wana mafungu ndani yake.

Chukua kazi yenu. Jirani akija usiku kukushikia moshi na ndoo wakati unarina asali, nawe kesho yake ukaenda kwenye mizinga yake, huo ni ushirikiano. Asali yako ni yako, yake ni yake, na mkikosana mwezi ujao hakuna cha kugawana. Lakini mkichanga fedha mkanunua mashine ya kukamulia, ikawa haina mwenyewe ila ninyi nyote, hapo mmeingia katika ushirika: atakayetaka kujitoa hawezi kuondoka na mpini wa mashine, bali itabidi mkae chini mhesabu fungu lake.

Kwa nchi yetu neno hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka chama cha ushirika kisajiliwe na Mrajis, yaani msajili wa vyama hivyo, na ndani yake kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa chache au nyingi. Ndiyo maana mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua anapotaja ushirika, anamaanisha AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha masoko ya mazao, yenye ghala na daftari, wala hamaanishi moyo wa kusaidiana. Kwa upande mwingine, tuna Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kwa kuwa nchi hizo zinatendeana mambo huku kila moja ikibaki na serikali yake.

Mezani kwangu hapa Tabora nina kipimo chepesi: ikiwa sentensi inakubali "kati ya fulani na fulani", neno ni ushirikiano. Kipimo hiki hakifui dafu mbele ya lugha ya kanisani, ambako waumini husema wana ushirika na Mungu, kwa sababu huko maana ya kale ya kuwa na fungu katika jambo moja imehifadhiwa. Katiba ya wafuga nyuki haihitaji kufika huko.

Basi ibara ya kwanza isomeke: "Kikundi kitadumisha ushirikiano na halmashauri ya wilaya." Ya pili isomeke: "Kikundi kinakusudia kusajiliwa kuwa chama cha ushirika." Neno kusajiliwa msilifute, na mpaka mtakapopewa cheti cha Mrajis, muhuri wenu uendelee kusomeka "kikundi".