Watu wa kujitolea kwa ujenzi baada ya Helene: tulivyofanya Houston baada ya Harvey

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeuliza kwa nini usharika wenu hapo Charlotte, North Carolina, ulijaza malori ya maji na blanketi wiki zile za kimbunga Helene, Septemba 2024, lakini sasa mkitangaza safari ya kwenda kujenga huko milimani, upande wa Swannanoa na Black Mountain, wanajiandikisha watu wanne tu. Mimi niko Houston, na tangu kimbunga Harvey kilichotufurikia mwaka 2017 ndiye ninayeratibu timu ya kanisa letu la Waswahili. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza usiwalaumu waumini. Inakuwa kama msiba wa kwetu: mpaka siku ya mazishi turubai limejaa watu, wapishi wanapishana, halafu matanga yakishaanuliwa mjane anabaki na watoto wake. Harvey ilipiga mwishoni mwa Agosti, na Septemba nzima tulikuwa tunarudisha watu nyumbani kwa sababu vifaa havikuwatosha. Ilipofika Februari simu hazipokelewi, na ndipo kazi kubwa ilikuwa inaanza. Kaunti ya Harris peke yake ilikuwa na nyumba zaidi ya 150,000 zilizoingia maji, na wengi wa wenye nyumba hizo hawakuwa na bima ya mafuriko. Huko kwenu milimani ni vivyo hivyo, waliokuwa na bima hiyo ni wachache sana. Kwa Helene, fedha ya nyumba kutoka FEMA, shirika la serikali ya shirikisho la maafa, mwisho wake ulikuwa dola 42,500 kwa kaya, na wengi hawakufikishiwa kiwango hicho. Pengo linalobaki linazibwa na mikono ya watu. Kimbunga Katrina kilipiga New Orleans mwaka 2005, na miaka kumi baadaye vikundi vya makanisa vilikuwa bado vinakwenda huko kujenga. Kwa hiyo mkianza leo hamjachelewa hata kidogo.

Sasa jibu lenyewe. Acheni kutegemea matangazo ya Jumapili. Mchungaji akisema "tunahitaji watu wa kujitolea", kila mmoja anamtazama mwenzake, na anayejiona hajui kushika nyundo anaona hahusiki. Sisi watu walianza kupatikana tulipowafuata mmoja mmoja, baada ya ibada au kwa simu jioni, na kumtajia mtu kazi, tarehe na saa ya kurudi. "Baba Furaha, Jumamosi ya tarehe 14 tunapaka rangi vyumba viwili kwa bibi mmoja mtaa wa Kashmere Gardens. Tunatoka saa moja asubuhi, saa kumi jioni uko nyumbani. Nakuhitaji wewe kwa sababu mkono wako ni mtulivu." Mtu akiulizwa hivyo, anajibu. Hata akikataa anakwambia kwa nini: ana zamu ya usiku, gari bovu, hana wa kumwachia watoto. Hizo sababu ndizo unazozifanyia kazi wiki inayofuata.

Na hapa nikae kidogo, maana ndipo palipotubeba. Kanisani kwenu, kama kwetu, wamo wazee waliokuja kama wakimbizi kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, kupitia kambi ya Nyarugusu Tanzania au Kakuma Kenya. Kwa wengine hapa Marekani wanajulikana kwa kupakia maboksi ghalani au kukata nyama kiwandani, hakuna anayewauliza walikuwa nani kabla. Waulize. Kwetu tulikuwa na mzee aliyekuwa seremala Uvira, huko huko Kivu. Nilimwomba aje atuangalizie milango ya nyumba moja, kwa sababu fremu zilikuwa zimepinda kwa maji na vijana walikuwa wanazilazimisha kwa nguvu. Alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa fremu kutoka chini hadi juu, akaomba kamba na msumari akatengeneza timazi yake mwenyewe. Akawaonyesha vijana mahali fremu ilipokimbia, akaweka vipande vyembamba vya mbao nyuma ya bawaba, na mlango ukafunga kwa kidole. Kuanzia siku ile vijana walikuwa wanamwita fundi, na Jumamosi ya timu hakosi. Alileta na shemeji yake anayejua kupanga vigae. Nilikuwa nimewatangazia watu hao wote kwa miezi bila kupata hata mmoja.

Kwa hiyo kabla ya safari nyingine, tengenezeni orodha ya nani alikuwa anafanya nini nyumbani: seremala, mwashi, mpaka rangi, mpishi wa shughuli, dereva wa lori. Wapitieni viongozi wa jumuiya na kina mama, wao wanajua kuliko ofisi ya kanisa.

Wengine wanafikiri ujenzi ni nguvu tu. Siyo. Mama anayepika pilau ya watu ishirini na kuifikisha ikiwa moto saa sita mchana ni sehemu ya timu, mwandikeni jina. Anayebaki na watoto wa wale waliokwenda, vilevile. Anayejua Kihispania ni dhahabu, maana familia nyingi zilizoathirika zinakizungumza. Umeme na mabomba kwa kawaida ni kazi za fundi mwenye leseni, msiziguse bila idhini ya shirika linalosimamia ujenzi. Na ukuta usifungwe kwa jipsamu mpya kabla mbao za ndani hazijakauka. Msimamizi anapima kwa kifaa, akikwambia subiri, subiri. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo msikwangue rangi wala kubomoa ukuta bila maelekezo. Barakoa, glavu, viatu vigumu na chanjo ya pepopunda, hayo hayana mjadala.

Msiende wenyewe tu na kugonga mlango. Baada ya maafa makubwa, kaunti huwa na kamati ya urejeshaji wa muda mrefu, ambako makanisa, mashirika na wafanyakazi wa ustawi hukaa meza moja na kugawana familia, ili moja isijengewe mara mbili na nyingine ikasahaulika. Wamethodisti, Walutheri, Wabaptisti na Wamenoniti wote wana vitengo vya maafa vyenye uzoefu mrefu. Huko milimani kuna na kazi ya madaraja: familia nyingi zilikuwa zinavuka kijito kwa daraja lao binafsi kufika nyumbani, na maji yaliyabeba. Mtu hawezi kufikisha hata mbao kwake. Ukipiga simu, sema mna watu wangapi, tarehe gani, na mafundi wa aina gani. Mratibu akisikia hivyo anakupa nyumba.

Sainini karatasi ya mahudhurio kila mara, saa ya kuingia na ya kutoka. Wengi wetu tunaogopa karatasi, lakini hii ina faida yake. Serikali ya shirikisho kwa kawaida hulipa asilimia 75 ya gharama za maafa kwa miradi ya umma, na saa za wanaojitolea kwenye kazi zinazokubalika zinaweza kuhesabiwa katika sehemu inayobaki kulipwa na jimbo na kaunti. Waelezeni watu hivyo waziwazi, na kama kuna anayehofia hali ya makaratasi yake ya uhamiaji, ulizeni shirika mapema linahitaji taarifa gani, msimpeleke mtu kwa kubahatisha.

Chagueni siku moja isiyobadilika. Sisi ni Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na wenye zamu wanaiombea ruhusa mapema kazini kwa sababu wanaijua. Kwenu, Desemba hadi Februari mlimani kuna baridi kali na barafu barabarani, pangeni kazi za ndani au mpumzike. Ombeni pia kurudishwa nyumba ileile mpaka iishe. Mtu aliyeuona ukuta ukiwa mifupa atataka kuuona ukipakwa rangi, na mwenye nyumba mkishamzoea atawapikia yeye.

Jumapili inayofuata msimpe mchungaji dakika hizo. Mpeni aliyekwenda kwa mara ya kwanza, aseme alichofanya kwa mikono yake. Picha za mwenye nyumba msipige bila yeye kukubali, ni nyumba yake na ni aibu yake iliyoanikwa.

Kuhusu vijana wa kipaimara uliowataja: kila shirika lina umri wake wa chini kwa kazi za ujenzi, na kwa watoto wengi wanataka fomu ya mzazi na watu wazima waliochunguzwa. Uliza kabla hujawaahidi. Sisi wadogo tuliwapa kazi ya kuandaa maboksi ya vifaa kanisani Ijumaa jioni, na wengi wao ndio waliowavuta wazazi. Ukihitaji nakala ya orodha yetu ya vifaa na fomu ya kuandikia fani za watu, niambie hapa niiweke.