Ijue Helvetica kabla hujashika kazi ya mabango

Wewe unayeanza usanifu katika duka la uchapishaji hapa Kisumu, kompyuta utakayopewa itakuwa na mamia ya fonti, yaani mitindo ya herufi. Usizikimbilie. Chagua moja uijue herufi kwa herufi, na ushauri wangu ni uanze na Helvetica.

Ilitoka Uswisi mwaka 1957, katika kiwanda cha Haas cha kusubu herufi, mjini Münchenstein. Eduard Hoffmann aliisimamia, Max Miedinger akaichora. Iliitwa Neue Haas Grotesk. Jina la sasa ilipewa 1960 ili iuzike nje ya nchi. Wasanifu wa enzi hizo walitaka herufi isiyo na madoido, ujumbe wenyewe ndio uonekane, na makampuni makubwa yakaipokea kwa mikono miwili. Hadi leo ndiyo iliyo kwenye vibao vya treni za chini ya ardhi za New York.

Sasa shika hili, maana litakukuta kazini. Kompyuta za Windows huja na Arial badala ya Helvetica. Arial ilichorwa 1982 na timu ya Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya herufi ya Monotype, na upana wa herufi zake umelinganishwa na wa Helvetica kwa makusudi. Mteja akileta faili yenye Helvetica, mashine huweka Arial na hakuna mstari unaosogea, kwa hiyo hushtuki mpaka kazi imeshachapwa. Kagua R kubwa: mguu wa Helvetica hushuka karibu wima, wa Arial hukaa mshazari. Kagua na t: kichwa chake kwenye Arial kimekatwa kimshazari. Afadhali umwombe mteja PDF yenye fonti ndani yake.

Naipenda Helvetica, lakini si ya kila bango. Andika "Ilani" uone: I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili visivyotofautiana. Midomo ya a, e na s, yaani pale herufi inapoachwa wazi, nayo imebana, na Kiswahili kimejaa a. Abiria wa matatu inayopita Kondele ana sekunde chache tu za kusoma. Hapo tumia herufi zenye midomo wazi, kama Frutiger, iliyotokana na vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, au Open Sans, ambayo ni ya bure.

Jina la mteja likizidi upana wa bango, usiibane fonti kwa kuvuta pembeni. Punguza saizi, au ligawe mistari miwili.